Mgonjwa ni msimamizi wa kwanza wa afya yake

Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie jambo ambalo limegusa karibu kila usharika wetu, nalo ni maisha ya ndugu zetu wenye magonjwa ya kudumu kama presha na kisukari. Tumezoea kuandika juu ya visima, miche ya kahawa na karo za watoto yatima. Safari hii tunaandika juu ya vidonge, daftari na chumvi.

Swali lililoulizwa Nyaishozi

Tulikuwa Nyaishozi kwa semina ya siku moja ya kamati za sharika. Muuguzi alikuwa amemaliza kueleza shinikizo la juu la damu na kisukari, na kama kawaida tukauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja wa makamo, mkulima wa migomba na maharage, akasimama taratibu akiwa ameshika kitambaa alichofungia vidonge vyake.

"Watumishi," alisema, "hizi dawa nilipewa. Nikanywa miezi miwili, kichwa kikaacha kuuma, nami nikaacha dawa. Juzi nimepimwa, naambiwa presha imepanda tena, nianze upya. Naomba kuuliza, nitakunywa mpaka lini?"

Ukumbi ukawa kimya. Muuguzi alikuwa na jibu la darasani, nasi tulikuwa na vipeperushi vyetu mezani. Lakini aliyejibu ni mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa miaka mingi amesema wazi mbele ya wenzake kuwa anaishi na VVU.

"Mama," alisema, "mimi nameza tangu mwaka 2005. Siku ya kwanza niliuliza swali hilo hilo, nikajibiwa kuwa ni siku zote. Nililia. Lakini wenzangu waliokataa kulisikia neno hilo tumeshawazika."

Tulirudi ofisini tukiwa na mazungumzo hayo mioyoni. Makala hii ni jaribio letu la kulijibu swali la mama yule kwa ukamilifu zaidi, kwa ajili ya kamati zinazotembelea wagonjwa na kwa ajili ya wahisani wanaotuuliza fedha za afya zinafanya kazi gani.

Ugonjwa wa kudumu ni upi?

Wengi wetu tumelelewa na malaria. Malaria inakuja na homa, unapimwa, unameza dozi kwa siku tatu, unapona na kurudi shambani. Kwa ugonjwa wa namna hiyo kazi kubwa ni ya mganga. Mgonjwa kazi yake ni kufika mapema na kumaliza dozi.

Ugonjwa wa kudumu hauendi hivyo. Presha, kisukari, pumu, kifafa, selimundu na VVU hukaa na mtu kwa miaka. Dawa zipo na zinasaidia sana, lakini kwa wengi kazi yake ni kuudhibiti ugonjwa, siyo kuuondoa. Mtu akiacha dawa, ugonjwa unarudi mahali ulipokuwa, na mara nyingi unarudi bila kupiga hodi. Presha hasa haina desturi ya kuuma. Mtu anaweza kulima, kuimba kwaya na kusuluhisha kesi za ukoo huku mishipa ya damu ya ubongo, moyo, figo na macho ikiharibika kidogo kidogo. Ndiyo maana mama yetu alidanganyika. Alidhani kichwa ndiyo presha. Kichwa kilipotulia akaona amepona.

Tusidhani kuwa haya ni magonjwa ya watu wa mjini au ya wenye magari. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa takriban mtu 1 kati ya 4 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban 9 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Mwaka 2019 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza. Katika mabenchi ya kanisa siku ya Jumapili, wagonjwa hawa wamekaa miongoni mwetu, na baadhi yao hawajijui.

Hesabu ya saa 8,760

Tuchukue mgonjwa mwaminifu kabisa, anayehudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa. Tuseme kila mara anakaa na tabibu dakika 15, ambazo mahali penye foleni ndefu ni nyingi. Kwa mwaka mzima atakuwa amekaa na tabibu saa 3. Mwaka una saa 8,760. Zimebaki saa 8,757.

Katika saa hizo nani anaamua chumvi iingie kiasi gani kwenye chungu? Nani anakumbuka kidonge alfajiri kabla ya kwenda shambani? Nani anaona kidonda kidogo katikati ya vidole vya mguu? Nani anaamua kama fedha iliyopo itanunua dawa au itachangia msiba wa jirani? Ni mgonjwa mwenyewe, pamoja na watu wa nyumba yake. Kwa hiyo tunaposema mgonjwa ni msimamizi wa kwanza wa afya yake hatumsukumii mzigo wa mganga. Kazi hiyo tayari anayo, apende asipende. Swali ni kama tumemfundisha kuifanya au tumemwachia abahatishe.

Jambo ambalo Kagera ilijifunza kwa gharama kubwa

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Hakuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa hapa kilichofuata. Kuna nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU bila malipo, na tangu mwaka 2016 mwongozo wa taifa umeelekeza kuwa kila anayegundulika aanze dawa bila kusubiri kinga ishuke. Leo mtu anayemeza dawa vizuri, na ambaye vipimo vinaonyesha virusi havionekani katika damu yake, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana. Hayo ni mafanikio makubwa, na hayakuletwa na kidonge peke yake.

Tukumbuke jinsi kazi ile ilivyofanyika. Mtu hakupewa dawa na kuambiwa aende. Alikaa na mshauri akaelezwa dawa inafanya nini mwilini na kwa nini ni ya siku zote. Aliombwa aje na ndugu au rafiki wa kumsaidia kukumbuka. Alipewa kadi yenye namba na tarehe yake ya kurudi. Asipofika, mtu alitumwa kumtafuta, na mara nyingi aliyetumwa alikuwa naye anaishi na VVU. Vikundi vikaundwa, watu wakafundishana namna ya kuishi. Na alifahamu kipimo chake, siyo hisia zake tu.

Sasa tulinganishe na mgonjwa wetu wa presha. Katika vituo vingi anapewa vidonge ndani ya bahasha ndogo na kuambiwa arudi mwezi ujao. Hana msaidizi wala kikundi, na asiporudi hakuna anayeuliza. Mzee aliyejibu Nyaishozi alikuwa na elimu ya miaka mingi ya kuishi na ugonjwa wa kudumu, na sisi tulikuwa hatujawahi kumwomba aitumie nje ya kikundi chake. Tena wengi wa wenzake sasa wamezeeka, wanameza dawa za VVU na za presha kwa pamoja. Hawa ni walimu wetu wa asili.

Kazi tano za mgonjwa

Kwa msaada wa wauguzi tumezipanga kazi za mgonjwa katika mafungu matano. Kamati zinaweza kuzitumia katika mafundisho.

1. Kuzijua namba zake. Kwa kawaida presha husemwa imepanda ikifika 140 kwa 90 au zaidi, ikiwa imepimwa kwa utulivu zaidi ya mara moja na kwa siku tofauti. Kabla ya kupimwa, mtu apumzike dakika 5, akojoe, aketi ameegemea, miguu ikiwa chini na mkono ukiwa usawa wa moyo. Asinywe kahawa nusu saa kabla, na hata zile buni za kutafuna tunazowakaribishia wageni aziweke kando kwanza. Kwa kisukari, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, kikarudiwa na kuwa vilevile, ni dalili ya ugonjwa. Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Daftari la kawaida la shule linatosha. Namba moja haisemi mengi, lakini namba za miezi sita zinaonyesha njia ya ugonjwa.

2. Kuijua dawa yake. Ajue jina lake, anameza ngapi, saa ngapi, na afanye nini akisahau. Akiona dawa inamletea kikohozi, kuvimba miguu au kuharisha, asiache kimyakimya. Arudi aseme, kwa sababu mara nyingi ipo dawa nyingine. Mama akipata ujauzito amweleze tabibu mapema, kwani baadhi ya dawa za presha hazifai kwa mtoto tumboni. Anayetumia insulini na hana jokofu anaweza kuitunza ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati kukiwa na mchanga unaonyunyiziwa maji, juu kikifunikwa kwa kitambaa kilicholowa. Chungu kikae kivulini penye upepo.

3. Kukipanga chakula chake. Hapa tunakiri kuwa miaka ya nyuma tuliwahi kusimama mbele ya watu wa Karagwe na kuwaambia wenye kisukari waache ndizi. Walitutazama kwa huruma. Kwa watu wa hapa, mtu asiyekula ndizi hajala. Sasa tunafundisha tofauti. Sahani igawanywe: nusu iwe mboga za majani, robo iwe ndizi, robo iwe maharage, dagaa au chakula kingine cha kujenga mwili. Katogo yetu ya ndizi na maharage ni chakula kizuri ikiwa maharage yameongezwa na ndizi zimepunguzwa. Kinachopandisha sukari haraka ni maji matamu ya ndizi mbivu, soda, na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Rubisi nayo ni ya kuangaliwa: kwa mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, pombe juu ya tumbo tupu inaweza kushusha sukari mpaka azimie. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya dukani.

4. Kuulinda mwili na kuzitambua dalili za hatari. Kisukari hufisha ganzi miguu, na mkulima anayeingia shambani peku anaweza kuchomwa na kisiki asihisi. Kila jioni miguu ioshwe, ikaushwe hasa katikati ya vidole, na itazamwe juu na chini. Asiyeona vizuri atazamiwe na mjukuu. Funza na kidonda chochote vipelekwe kituoni mapema. Mwenye kisukari akitokwa jasho la ghafla, akitetemeka au kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ya soda, asubiri dakika 15, na kama hajapata nafuu arudie. Akiwa amezimia asimiminiwe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa mwenye presha, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hiyo ni dalili ya kiharusi na hakuna kusubiri kesho.

5. Kuuliza na kusema ukweli. Wazee wetu wametufundisha heshima, na mara nyingine heshima hiyo inatufanya tuitikie "ndiyo, daktari" wakati hatujaelewa. Tunawashauri wagonjwa waandike maswali mawili kabla ya kwenda kliniki. Na akiulizwa kama anameza dawa, aseme kweli. Mgonjwa akidai anameza wakati hamezi, tabibu anaweza kumwongezea dawa asiyoihitaji.

Mpango wa wiki moja

Kumwambia mtu "badilisha maisha yako" ni rahisi, na mara nyingi hakuleti matunda. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, muuguzi na mtafiti Kate Lorig na wenzake waliandaa mafunzo kwa watu wenye magonjwa ya kudumu. Watu hukutana kwa wiki 6, saa 2 na nusu kila wiki, wakiongozwa na watu wawili ambao angalau mmoja wao ana ugonjwa wa kudumu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yalionyesha kuwa waliofundishwa walijitunza vizuri zaidi na walilazwa hospitali mara chache kuliko wasiofundishwa. Mafunzo hayo yametumika katika nchi nyingi.

Tulichokipenda zaidi ni mpango wa wiki. Mgonjwa mwenyewe anachagua jambo moja dogo analolitaka. Anasema atafanya nini, kiasi gani, wakati gani na siku ngapi. Kisha anaulizwa: kutoka 0 mpaka 10, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza? Akisema chini ya 7, hakaripiwi. Mpango ndio unaobadilishwa.

Mama yetu wa Nyaishozi alianza hivi. Alisema atapika chakula chote kwa nusu ya chumvi, siku 4 kwa wiki. Uhakika wake? "Tano," alisema, "kwa sababu mama mkwe atasema nimempikia maji." Wanakikundi wakacheka, kisha wakafikiri pamoja. Mmoja akapendekeza apike bila chumvi kabisa, kila mtu ajiongezee mezani kwa kijiko. Uhakika ukapanda mpaka 8. Wiki iliyofuata alitueleza kuwa mama mkwe alinung'unika siku mbili, siku ya tatu akawa anajiongezea mwenyewe bila neno. Hakuna mtaalamu wa mjini ambaye angetuletea ufumbuzi ule.

Kikombe, maombi na mitishamba

Kuna jambo ambalo hatuwezi kulikwepa, hasa sisi Walutheri. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania na majirani zetu walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Aliyekitoa, marehemu Ambilikile Mwasapile aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu la KKKT. Watu waliamini kikombe kinaponya kisukari, presha, UKIMWI na mengine. Wapo waliofariki wakiwa kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao kwa kuamini wamepona.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Tunayaandika kwa sababu hamu ile iliyowapandisha watu kwenye magari bado ipo. Ni hamu ya kusikia kwamba mwisho upo, kwamba nitakunywa mara moja na kumaliza. Ndilo swali la mama wa Nyaishozi kwa sura nyingine. Leo hamu hiyo inajibiwa na wauza chupa za mitishamba minadani na na sauti za redioni.

Msimamo tunaoushauri kwa kamati ni huu. Tuwaombee wagonjwa bila kuchoka, na tusimwambie mtu yeyote kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Mtu akishuhudia kuwa amepona, tumshukuru Mungu pamoja naye na tumsindikize kupima kabla hajaacha kidonge hata kimoja. Anayetumia mitishamba amweleze tabibu, maana mingine hugongana na dawa. Na wakati wa Kwaresima, mwenye kisukari asifunge chakula kabla ya kuzungumza na kliniki. Yapo mambo mengine ya kujinyima.

Kosa letu wenyewe

Wahisani wanapenda kusikia mafanikio, nasi tunapenda kuyaeleza. Lakini uaminifu unatudai tuseme na hili. Miaka michache iliyopita tulipokea mashine kadhaa za kupimia sukari. Tulifurahi, tukapiga picha, tukaandika barua ya shukrani. Baada ya miezi michache vijiti vya kupimia vikaisha. Maduka ya dawa tuliyoyazunguka hayakuwa na vijiti vya aina ile, na kuviagiza kutoka mbali kulizidi uwezo wa wagonjwa. Mashine zikabaki kabatini. Aliyetupa alitupa kwa upendo. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukuuliza mapema vijiti vinapatikana wapi na kwa bei gani, wala hatukuwauliza wagonjwa wanahitaji nini kwanza.

Tulipowauliza baadaye, wengi walitaja vitu vya bei ndogo. Walitaka daftari, mashine moja ya presha itakayokaa usharikani pamoja na mtu aliyefundishwa kuitumia, na njia ya kuwa na fedha ya dawa miezi ambayo kahawa haijauzwa. Hilo la mwisho tulikuwa hatujaliona kabisa. Mkulima wa kahawa ana fedha msimu mmoja na ugonjwa miezi 12. Sasa baadhi ya vikundi vya VICOBA vimekubali kuwa na mfuko mdogo wa dawa, unaochangiwa wakati wa mauzo na kutumika wakati wa ukame wa mifuko.

Mwaka 2025 ulitukumbusha jambo hili kwa upande mwingine. Mwezi Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili iipitie upya, na kazi nyingi za afya katika nchi zetu ziliyumba. Fedha za nje zinaweza kusimama kwa uamuzi wa siku moja. Elimu iliyo kichwani mwa mgonjwa na kikundi kinachokutana chini ya mti wa kanisa havisimamishwi kwa barua. Hatusemi kuwa misaada haihitajiki. Dawa hazitengenezwi Nyaishozi, na mgonjwa mwenye elimu bila dawa bado ni mgonjwa hatarini. Tunasema msaada ulio bora ni ule unaomwacha mgonjwa akiwa na uwezo zaidi kuliko alivyokuwa.

Tunawaomba nini?

Kwa kamati za sharika:
- Chagueni watu wawili, mmoja wao awe anaishi na ugonjwa wa kudumu, wa kuongoza kikundi cha wagonjwa. Kikutane angalau mara moja kwa mwezi.
- Wakaribisheni ndugu zetu wanaoishi na VVU, wale walio tayari, wawafundishe wenye presha na kisukari. Asilazimishwe mtu kujieleza.
- Mgonjwa asipoonekana kliniki au kikundini, atembelewe kwa upole. Siri zake zitunzwe.
- Wahusisheni akina baba. Mara nyingi mama ndiye anayepika, lakini baba ndiye mwenye neno juu ya fedha ya dawa na ya usafiri.
- Katika harambee na sherehe za usharika, yawepo maji ya kunywa mezani na siyo soda tu.

Kwa wahisani wetu:
- Kabla ya kutuma kifaa, tuulizeni vipuri na vijiti vyake vinapatikana wapi.
- Gharamieni mafunzo ya viongozi wa vikundi na ufuatiliaji wao. Gharama yake haionekani vizuri kwenye picha, lakini ndiyo inayodumu.
- Tuulizeni ni wagonjwa wangapi bado wanameza dawa baada ya mwaka mmoja. Hicho ndicho kipimo cha haki kuliko idadi ya waliohudhuria semina.

Mama wa Nyaishozi leo

Tulimtembelea mama yule miezi kadhaa baada ya semina. Alitutolea daftari lake, limefunikwa kwa gazeti kama la mwanafunzi. Ukurasa wa kwanza presha ilikuwa 178 kwa 104. Ukurasa wa mwisho ilikuwa 146 kwa 90. Haijashuka mahali inapotakiwa, na muuguzi amemwongezea dawa ya pili. Hakuuliza tena atakunywa mpaka lini. Aliuliza swali jingine: "Hii ya pili, kama siku moja ikiisha pale kituoni, mimi nifanyeje?"

Tulimweleza asipunguze dozi ili zidumu, bali arudi kituoni siku saba kabla hazijaisha, na ikikosekana huko aelekezwe mahali pengine, ikiwemo hospitali yetu ya Nyakahanga. Lakini nauli ya kufika huko na fedha ya dawa havipo kwenye daftari lake. Hapo ndipo kamati ya usharika na mfuko wa VICOBA vinapoingia. Tunaziomba kamati zote zilijadili swali lake katika kikao kijacho na kutuletea majibu yenu kwa maandishi, tuyachapishe katika toleo lijalo.